Chupa ya Jua Ilipoanza Kudanganya

Nilifika Garissa katika mwaka wa tatu wa vita vya mpakani, nimekaa juu ya magunia ya unga ndani ya lori lililosindikizwa na askari mbele na nyuma. Kwetu ni Taita, ambako mtu akifungua mlango asubuhi anakutana na ukungu. Hapa niliteremka nikaona nchi iliyolala wazi mpaka jicho lachoka. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kupima hali ya hewa, sina mke, wala sikuwa nimezoea kuona bunduki. Askari aliyenishushia sanduku alinitazama viatu, akauliza, "Wewe umeletwa kufanya nini huku?"

"Kupima hali ya hewa."

"Hali ya hewa ni joto," akasema. "Andika hivyo, urudi kwenu."

Kituo chetu kilikuwa kando ya uwanja wa ndege, nje kidogo ya mji. Kilikuwa chumba kimoja cha mawe, na mbele yake kiwanja cha nyasi kavu kilichozungushiwa waya. Tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa mtu mzima kutoka Nyanza, mpole, aliyeomba uhamisho tangu kabla sijafika na ambaye kila ndege ilipotua alisimama mlangoni kutazama kama imeleta jibu. Mwenzangu wa zamu alikuwa Msomali wa rika langu, mzaliwa wa upande wa Tarbaj, karibu na Wajir. Alikuwa amesoma shule ya bweni Nairobi na Kiswahili chake kilikuwa safi. Alikuwa na mke na nyumba ya kupanga mjini. Mama yake na ngamia wa ukoo walibaki Tarbaj, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa kwa watu kama yeye.

Hakuna aliyetulia mji ule. Lori likichelewa, watu walisema limekanyaga bomu. Likiwahi, waliuliza kwa nini halikukaguliwa. Jioni kafyu ilianza mapema, na mimi nilibaki chumbani nasikiliza buti za doria zikipita, zikirudi. Kulipopambazuka nilifurahi kwenda kazini, kwa sababu pale kiwanjani kila kitu kilikuwa na kipimo chake. Ndivyo nilivyoamini.

Kifaa kilichonipendeza zaidi tulikiita chupa ya jua, maana jina lake la kitaalamu lilikuwa refu. Kazi yake ilikuwa kupima mnururisho, yaani nguvu yote ya jua na ya anga inayoshuka juu ya nchi kwa siku nzima. Ndani kulikuwa na tufe dogo la shaba lililopakwa rangi nyeusi, na juu yake limefunikwa na tufe la kioo. Kati ya kioo na shaba hewa ilikuwa imenyonywa yote kiwandani, ili joto likishaingia lisipate njia ya kutoroka. Jua likiwaka, shaba ilipata moto, maji yaliyokuwa ndani yakageuka mvuke, na mvuke ukateremka kwenye mrija mrefu uliofukiwa ardhini, ukapoa na kuwa maji tena. Asubuhi saa tatu tuliichomoa chupa kutoka kwenye shimo lake, tukasoma maji yamefika alama gani, kisha tukaipindua kichwa chini ili yarudi kwenye tufe. Maji mengi, jua kali. Maji machache, mawingu.

Karibu nayo, juu ya nguzo, kulikuwa na kifaa kingine: mpira wa kioo ambao ulikusanya miale na kuchoma mstari kwenye kipande cha kadi. Huo haukusema jua lilikuwa kali kiasi gani. Ulisema tu liliwaka kwa muda gani.

Miezi ya kwanza vifaa hivi viwili vilipatana. Kisha ukaja msimu wa upepo wa kusini, na chupa ikaanza kushuka. Haikushuka kwa kishindo. Leo kidogo, kesho ikapanda tena, kesho kutwa ikashuka zaidi. Nilijiambia ni mawingu, lakini kadi ilikuwa imechomeka kutoka asubuhi hadi jioni bila kukatika. Nikasema ni vumbi, nikawa napangusa kioo kwa kitambaa laini mara mbili kwa siku. Chupa iliendelea kushuka.

"Umeona?" nilimuuliza mwenzangu siku tuliyopokezana zamu.

"Nimeona zamani," akasema. "Nilitaka kuona kama wewe pia utaona, kabla sijasema."

"Kwa nini usiseme?"

Alifunga kitasa cha mlango wa waya polepole. "Kwa sababu mimi nikisema kifaa cha serikali kimeharibika, swali la kwanza litakuwa nani alikiharibu."

Alijua nchi aliyokuwa akiishi. Haukupita muda, makao makuu Nairobi wakaulizia habari hiyo hiyo. Sisi hatukuwa na simu. Ujumbe ulikuja kwa redio ya polisi, na aliyeupokea aliusoma kwa sauti mbele ya kila aliyekuwa ofisini: vipimo vya jua vya Garissa haviaminiki, nani anavisoma? Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, inspekta wa usalama akaingia kiwanjani kwetu na askari wawili.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuzunguka mpira wa kioo, akautazama kama mtu anayetazama yai la nyoka. "Hiki kinaweza kumulika ishara kwa mtu aliye mbali?"

"Hapana, afande," mkuu akajibu. "Kinachoma kadi tu."

"Na hicho kinachodanganya?"

Mkuu akamwonyesha chupa. Inspekta akainama, akainuka, akatugeukia. "Kinasomwa na nani?"

"Sisi wawili, kwa zamu," nikasema.

Hakunitazama mimi. Alimgeukia mwenzangu, akamuuliza ndugu zake wako wapi, na kama wana silaha. Mwenzangu alijibu kwa utulivu kwamba mama yake ni mzee na silaha yake ni ulimi. Inspekta akaamuru kwamba tangu saa ile asikanyage ndani ya waya mpaka jambo lijulikane.

Mwenzangu alivua funguo kwenye kamba shingoni mwake, akampa mkuu, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini.

Nikawa nasoma peke yangu, asubuhi na jioni, na askari amesimama langoni. Chupa haikujali kwamba aliyeshukiwa hayupo. Ilishuka vile vile. Nilidhani hilo lingetosha kumsafisha, lakini nilipomweleza inspekta alisema huenda mtu anaingia usiku. Nikamwambia usiku kuna walinzi wake. Akasema, "Na walinzi nao ni watu."

Mkuu wetu alikosa usingizi. Siku moja aliniita, akafunga dirisha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unajua mwaka jana mwezi huu chupa ilisoma ngapi. Andika karibu na hapo. Nairobi watatulia, inspekta atasahau, na huyu kijana atarudi kazini. Nani ataumia?"

Alikuwa na huruma ya kweli, na mwenzangu alikuwa nyumbani bila kazi. Lakini nilikumbuka vipimo vile vilikuwa vinangojewa na wahandisi waliotaka kujua mto Tana unapoteza maji kiasi gani kwa jua, ili wachimbe mifereji ya mashamba. Mtu angekuja kulima kwa tarakimu zangu.

"Mzee," nikasema, "nikiandika za mwaka jana, halafu inspekta ajue, hata wewe hutaaminika tena. Nipe muda."

"Muda tunao?" akauliza, akafungua dirisha.

Alasiri ile nilikwenda nyumbani kwa mwenzangu. Nilikuwa sijawahi kuingia, na nilipopita kichochoroni watu walinyamaza. Nilibisha hodi. Alifungua mwenyewe, akatazama kwanza nyuma yangu kama nimefuatwa.

"Nimekuja kunywa chai," nikasema.

"Basi ingia kabla majirani hawajaamua kwamba umekuja kunikamata."

Mkewe alinikaribisha kwa heshima, akaniita walaal, yaani ndugu. Alileta vikombe na chupa ya chai, ile ya bati iliyochorwa maua. Alipomimina, chai ilitoka vuguvugu. Akaona haya.

"Bole, walaal. Chuba hii imekufa," akasema. "Asubuhi natia chai ya moto, saa sita iko baridi. Shika hapa."

Nikaishika. Ubavuni ilikuwa na joto, kama ubavu wa mtoto mwenye homa.

"Ikiwa nzima, nje baridi, ndani moto," mkewe akaendelea. "Sasa nje moto, ndani baridi. Nikiiweka mlangoni benye ubebo, ndiyo mbaya zaidi."

Mimi na mwenzangu tuliacha kunywa. Tulitazamana, na nadhani sote wawili tuliona jambo lile lile kwa wakati mmoja, maana tulianza kusema pamoja tukakatizana. Chupa ya chai na chupa ya jua zimetengenezwa kwa akili moja: kuta mbili, na katikati hakuna hewa. Hewa ikianza kuvuja kuingia, hata kidogo sana, joto linapata daraja la kutokea.

"Na upepo!" akasema. Alisimama, akaanza kutembea ndani ya kile chumba kidogo. "Chupa nzima haijui kama nje kuna upepo. Iliyokufa inajua. Tazama, ilianza kushuka lini? Upepo ulipoanza."

"Huo ni ushahidi wetu sisi," nikasema. "Inspekta atasema upepo ulianza, na wewe pia ukaanza."

Alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, lakini hakuketi. "Basi tuukate upepo. Tuukate, tuone chupa itasemaje."

Tatizo lilikuwa kuukata upepo bila kulikata jua. Ukizungushia kifaa ukuta, umekitia kivuli na umeharibu kipimo kwa mkono wako. Ni yeye aliyekumbuka kwamba mwezi ule jua lilikuwa limehamia kaskazini na upepo ulitoka kusini. Kizuizi kikisimamishwa upande wa kusini, kivuli chake kitaanguka nje, mbali na chupa. Mkewe alikunja mkeka mgumu wa nyuzi, wa aina ile wanayofunikia nyumba zao za porini, akanipa nibebe. Alisema kama serikali itauchana, serikali italeta mwingine.

Askari wa langoni aliukunjua mkeka, akautikisa, akachungulia kila tundu, ndipo akaniruhusu. Nilisimamisha vijiti viwili kusini mwa chupa, nikaufunga kati yao. Siku moja niliuweka, siku ya pili niliuondoa, siku ya tatu niliurudisha. Kila jioni nilitazama kadi kuhakikisha kwamba jua halikufunikwa na wingu, maana siku za mawingu zisingenifundisha kitu. Mambo yale yanasemeka upesi leo, lakini kuyaishi kulinikondesha. Wingu moja tu likipita mchana, siku nzima imepotea. Siku nyingine upepo ulikufa wenyewe na jaribio likakosa maana. Mara nyingine ndege ya jeshi ilitua, ikanivurumishia vumbi, nikabaki napangusa kioo kwa hasira. Nilikuwa nasinzia nikiota maji kwenye mrija.

Hata hivyo jibu lilikuja, likajirudia. Mkeka ukiwepo, maji yalipanda. Usipokuwepo, yalishuka. Jua lilikuwa lile lile.

Nilikwenda kwa inspekta. Sikumpelekea tarakimu. Nilimwomba aje asome mwenyewe kwa siku chache, mlangoni aweke mtu anayemwamini, na mkeka auweke na kuuondoa yeye, siku anazotaka, bila kuniambia.

"Mimi nina kazi," akasema.

"Ndiyo, afande. Na hii umeifanya iwe kazi yako."

Nilijuta neno lile lilipokwisha kutoka. Alichukua kofia. Alikuja asubuhi nne mfululizo. Nilimfundisha kuchomoa chupa bila kuitikisa na kusoma kwa jicho lililo sawa na maji. Siku ya mwisho aliirudisha shimoni kwa uangalifu kuliko nilivyomdhania, akapangusa mikono.

"Basi ni kibovu," akasema.

"Kinavuja, afande. Polepole."

"Mwambie yule arudi kazini." Akafika langoni, akageuka. "Lakini usije ukafikiri kwamba kifaa kikiwa na kosa, basi watu hawana."

Nilikimbia mjini. Mwenzangu alisikiliza habari, akauliza swali moja tu: mkeka u mzima?

Kurudi kwake hakukumaliza kazi. Ilibaki kuamua tufanye nini na vipimo vya nyuma. Hapo ndipo tulipogombana, mimi na yeye, kuliko siku zote. Mimi nilitaka kuvisahihisha. Kwa kuwa tulijua mkeka unaongeza kiasi gani, nilisema, tuongeze kiasi hicho kwa siku zote za upepo, tuwapelekee Nairobi kitu cha kufaa.

"Kiasi hicho ni cha mwezi huu," akasema. "Mwezi uliopita ufa ulikuwa mdogo zaidi. Mdogo kiasi gani? Unajua?"

"Tunaweza kukadiria."

"Kukadiria nini? Hakikufa siku moja, rafiki yangu. Kilikuwa kinakufa huku tunakitazama. Kuna siku kilisema kweli, kuna siku kilisema nusu ya kweli, na hatujui mpaka uko wapi."

"Kwa hiyo tutupe kazi ya miezi yote hiyo?"

"Tuseme hatujui. Hilo nalo ni jibu."

Nilikasirika. Nilimwambia ni rahisi kwake, si yeye aliyesimama juani na mkeka. Alivuta daftari la vipimo karibu, na mara nikaelewa kwamba yeye alikuwa ameketi ndani, anangoja kujua kama atachukuliwa, kwa sababu ya tarakimu zilizoaminiwa upesi mno. Hakulisema. Nilichukua kalamu nyekundu, tukaanza kutia alama ya shaka kuanzia siku ambapo kadi na chupa ziliachana waziwazi. Yeye akarudi nyuma zaidi, mpaka kwenye mvua za mwisho, siku ambazo mimi ningeapa kwamba zilikuwa nzuri. Tulikubaliana kwamba kabla ya mvua vipimo vibaki, baada ya mvua visitumike, na siku zetu za mkeka zielezwe kando zilivyopatikana. Mkuu alizitazama zile alama nyekundu, akashika kichwa.

"Nairobi watasema kituo hiki kimelala mwaka mzima."

"Waseme, mzee," mwenzangu akamjibu. "Wakisema tumelala, hatujadanganya mtu."

Mkuu akatia sahihi.

Chupa mpya ililetwa na ndege, imefungwa kwa pamba ndani ya sanduku la mbao. Ndege hiyo hiyo ilileta amri ya uhamisho, lakini si wa mkuu. Mwenzangu alitakiwa aende kituo cha Magharibi, mbali na mpaka, kwa usalama wake, ndivyo walivyoandika. Hakuwa amekosa lolote, kila mtu alikiri hivyo. Wakati ule watu wa upande wa Tarbaj walikuwa wanakusanywa vijijini chini ya ulinzi, na ngamia waliokutwa nje walikuwa wanapigwa risasi. Alikuwa ameomba kibali cha kwenda kumtafuta mama yake. Badala yake alipewa kiti kwenye ndege inayoelekea upande mwingine.

Nilimsindikiza hadi kwenye ngazi. Mkewe alikuwa amejifunika uso, ameshika furushi.

"Nitaulizia habari za mama," nikamwambia. "Kila lori la Wajir likija."

"Uliza kwa Kisomali," akasema. "Ukiuliza kwa Kiswahili watafikiri unamtafuta kwa ubaya."

Akanifundisha maneno pale pale, mashine za ndege zikinguruma, akanilazimisha niyarudie mpaka nikayasema sawasawa.

Niliyasema miezi mingi, kwa madereva, kwa wachuuzi wa mbuzi, kwa wanawake walioketi na vibuyu vya maziwa. Wengi walitikisa kichwa. Hatimaye mchuuzi mmoja aliniambia bibi huyo yu hai, yuko kijiji cha ulinzi karibu na Wajir, ngamia hana hata mmoja, na ulimi wake uko palepale. Nilituma habari hiyo Magharibi kwa mtu aliyesafiri, sikujua kama ilifika.

Tulionana tena vita vilipokwisha kitambo, Nairobi, kwenye mafunzo. Nilimtambua kwa mwendo. Habari ilifika, akasema, na mama aliishi mpaka akamwona mjukuu. Tuliketi nje kwenye ukuta, tukaulizana habari za watoto, kisha akaniuliza kuhusu vile vipimo vyetu.

"Walivitupa," nikasema. "Hata vile vya kabla ya mvua. Walisema hawawezi kuwa na hakika."

"Hata vya kabla ya mvua?"

"Vyote."

"Vile vilikuwa vizuri," akasema, na uso wake ukaingia huzuni ambayo sikuwa nimeiona siku aliyopanda ndege. "Vile ningeviapia."

Kengele ya darasa ikalia, watu wakaanza kuingia. Yeye alibaki amekaa ukutani, ananieleza tena kwa nini miezi ile, kabla ya mvua, chupa haikuwa na kosa.